Ukurasa wa Kumi na Nne

Miaka miwili mfululizo Dokta Malekela alimfelisha Sekela kwa jibu lile lile. Karatasi zake za mhadhara, zilizogeuka manjano kabla wanafunzi wengi hawajazaliwa, zilisema, kwenye ukurasa wa kumi na nne, kwamba mto wa mji ule haujawahi kufurika, na mtihani ulitaka maneno hayo yarudishwe kama yalivyo. Sekela, mama wa miaka arobaini, aliandika kwa mara ya tatu kwamba ulifurika. Akifeli safari hii, chuo basi.

Lakini mwaka huu chuo kilileta akili mnemba ya kusahihisha, nayo ilikuwa imelishwa madaftari yote ya zamani ya vipimo vya mto. Dokta alifungua matokeo mbele ya darasa, akayasoma mara mbili.

“Dokta, mashine imekutukana?” mtu wa nyuma akauliza.

“Inasema Sekela amepata,” akajibu polepole. “Aliyekosa ni mimi.”

Darasa likacheka hadi madawati yakalia. Dokta akavua miwani, akaipangusa kwa tai.

“Mama, ulijuaje? Madaftari haya yalifungiwa stoo.”

“Nilikuwa juu ya paa, Dokta. Siku mbili, mimi na mbuzi wa jirani.”

“Na hukuniambia?”

“Nilikuandikia mara mbili. Ukanipa sifuri.”

Dokta akautazama ukurasa wake wa kumi na nne, akaugeuza upande uliokuwa mtupu, akachomoa kalamu.

“Maji yalifika wapi?”

Sekela akaenda ubaoni na chaki, akavua viatu, akapanda juu ya kiti, akanyoosha mkono.