Jiwe la Kuamshia

Siku hizi sindano ya kurekebisha jeni ni bure, lakini dawa hushika tu kwenye seli zinazojigawa. Ndiyo maana kila bafu lina jiwe la kusugulia. Ngozi ikichubuka, seli huamka zijigawe, na dawa hupata pa kuingia.

Mwanahawa alimsugua bintiye Riziki mgongo mzima hadi ukatoka damu. Vidonda vilipopona, ngozi ilirudi laini, ugonjwa wake wa kurithi umekwisha hapo. Macho ndiyo yaliendelea kufifia kwa ugonjwa uleule.

“Seli za macho zimelala, mama Riziki,” muuguzi alimwambia kliniki, mtoto akisikia. “Hazijigawi tena.”

Walipofika nyumbani, Riziki alipapasa ukuta wa bafu, akalichukua jiwe, akamwekea mama yake mkononi.

“Nitavumilia, mama,” alisema, akainua uso na kufumbua macho.