Utepe Juu ya Vioo

Rangi ilimganda kidoleni. Mshonaji alikuwa ameligusa tu bawa la ile ndege ndogo ya plastiki iliyokuwa mezani, ajionee lilivyolainika, na kidole kikarudi cheupe.

"Bado mbichi, wifi," alisema.

Wifi yake, mjane wa mdogo wake, ndiyo kwanza alikuwa akitua kapu la sokoni. Walikuwa wamekutana mlangoni: huyu anarudi, yule anabisha hodi.

"Niliipaka kabla sijatoka." Alivuta kitambaa, akamfuta kidole upesi upesi. "Mbona umekuja leo? Siku yenyewe si keshokutwa?"

"Keshokutwa nina gauni la bibi harusi. Na marehemu hana kalenda."

Mwaka wa tisa huu. Ndege ya abiria sita ilitumbukia ziwani, na rubani alikuwa mdogo wake. Wapiga mbizi waliwakuta abiria wote sita ndani, mikanda wameifungua, wamesongamana madirishani. Mlango wao ulikuwa umebonyea, haukufunguka. Mlango wa rubani ulikuwa wazi, kiti hakina mtu. Watu wakasema maji yamemchukua. Kaburini wakazika kofia yake.

Tangu siku hiyo mshonaji hakuyaamini maji, hata ya karai. Akiinama kufua, alimsikia ndugu yake akimwita kwa mbali, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani, aonekane kachanganyikiwa?

Aliinua macho kwenye rafu. Ndege ishirini na kitu, zote ni ile ile: nyeupe, mstari wa buluu ubavuni. Na vioo vya madirisha ya zote vilikuwa vimefunikwa utepe, kama watu waliofungwa vitambaa machoni.

Kazi hii aliijua. Mdogo wake aliianza tangu utotoni, naye ndiye aliyekuwa akimshikia wembe. Kioo cha plastiki hubandikwa utepe mwembamba, ukakatwa kufuata fremu, ukasuguliwa kwa kijiti cha meno ili rangi isipenye. Rangi ikishakauka, utepe unabanduliwa, na kioo kinabaki safi, unaona mpaka ndani. Hapa ndani hapakuonekana. Mjane alikuwa akizimaliza ndege zake, kisha akiziacha hivyo hivyo.

Mshonaji alivaa miwani, akainama. Mikato ilikuwa imenyooka kuliko hata yake, yeye aliyekata vitambaa miaka thelathini. Na wifi yake huyu! Mwanamke ambaye ukimpa kifungo akushonee leo, kesho unakiokota sebuleni. Huzuni nayo ni mwalimu, aliwaza.

"Hivi unatumia wembe gani, wifi? Mbona haukwaruzi kioo?"

"Huo huo tu... wa kawaida." Mjane alilikamata tena kapu. "Ngoja nikuchemshie chai."

"Chai haikimbii. Yule mwalimu mkuu ameniomba nikuulize tena."

"Mwambie nimeolewa."

"Na nani? Na kofia? Matanga tuliyaanua zamani, mama. Mimi dada wa mume nimekuruhusu kwa kinywa changu mwenyewe. Wewe nani alikutuma ujizike mzima mzima?"

"Punguza sauti, wifi. Nakuomba."

"Nipunguze kwa ajili ya nani? Tuko wangapi humu?"

Machozi yalimlengalenga mjane. Aliutupia jicho mlango wa stoo, akaingia jikoni na kapu lake, na muda si muda sufuria zikaanza kugongana.

Mshonaji alibaki amesimama, akijuta. Hakuja kumliza. Alikuja kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alichoka kuona nyumba nzima ikiishi na mtu asiyekuwepo. Kama mwenyewe hawezi kuanza, aliwaza, basi mimi nitamwanzia.

Alichukua ndege ya mwisho rafuni, iliyokauka siku nyingi, akapenyeza ukucha chini ya utepe. Ukatoka kwa mlio mdogo, kama mshono unaofumuka. Dirisha la kwanza. La pili. Mpaka la sita. Aliisogeza ndege kwenye mwanga wa mchana, akafumba jicho moja, akachungulia.

Ndani mlikuwa na watu.

Walikuwa sita, wadogo kama punje za mchele, kila mmoja na kioo chake. Viganja vimeinuliwa. Vinywa viko wazi. Mbele, kiti cha rubani kilikuwa kitupu.

"Wifi!" aliita, na sauti ikamtoka kama si yake. "Wifi, hiki ni nini umekifanya?"

Sufuria zilinyamaza. Lakini aliyesogea hakuwa wa jikoni. Komeo la stoo lilivutwa, kwa ndani, taratibu, na mlango ukafunguka. Mwanamume alisimama pale, miguu mitupu, rangi nyeupe vidoleni, ngozi imepauka kama mmea uliokua gizani, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Mshonaji alifungua kinywa apige yowe, kisha akakumbuka kwamba wafu hawaoti mvi.

"Wafunike, dada," mdogo wake akasema, uso kauficha kwa mkono. "Wananiangalia."