Mkono wa Begani

Siku hizi, anayekatwa kwenye video ya familia husahaulika papo hapo na familia nzima. Ndiyo maana Mwanakheri alikuwa bado hajabonyeza kitufe cha kukata. Simu mpya zilipokea video za wima tu, na ile ya harusi yake ilikuwa ya mlalo. Isipokatwa pembeni leo iwe ya wima, ingefutika yote.

Alivuta fremu kushoto, mumewe akatoka. Akaivuta kulia, akatoka marehemu mama yake, aliyesimama pembeni akimwekea sawa mtandio begani.

"Chagua, mke wangu," Shaweji alisema kwa unyonge. "Mimi au yeye."

"Mama, sogea ndani kidogo, nakuomba!" Mwanakheri aliililia skrini.

Mwishowe akabonyeza, kisha akaitazama video iliyobaki.

"Shaweji, huu mkono begani mwangu ni wa nani?"

"Sijui," alijibu mumewe. "Lakini mbona unalia?"