Hodi ya Pimbi

Zamani, mawe yalipokuwa bado na wenyewe, Pimbi aliishi na mwanawe katika pango alimozaliwa bibi yake. Alisifika kwa ukarimu. Akija mgeni, humpisha ndani kabisa, yeye akalala mlangoni.

Mwaka mmoja Korongo walitua kutoka ng'ambo, wakalipenda pango lile, maana ukiwa ndani unaliona ziwa lote. Kunguru, dalali wa mlimani, akaja na kapu la mtama.

"Mama, wageni wanataka kulinunua pango lako."

"Kwani hawarudi kwao?"

"Wanarudi, mvua zikianza."

Pimbi akacheka. Kama wanaondoka, pango si litabaki palepale? Akapokea mtama, akawafagilia wageni, akahamia bondeni na mwanawe. Majirani nao wakauza.

Mvua zilipoanza, Korongo waliruka kwenda zao. Bonde likajaa maji. Pimbi akambeba mwanawe, aliyekuwa akikohoa kwa baridi, akapanda naye mpaka pangoni. Mlangoni alimkuta Kunguru.

"Siku hizi mimi ni mlinzi, mama. Bila ruhusa ya wenyewe siwezi kukufungulia."

"Lakini ndani hamna mtu."

"Ndiyo, hamna."

Mlima mzima ulikuwa hivyo, mapango makavu, matupu.

Pimbi hakugombana. Alilelewa asiingie kwa watu kabla ya kukaribishwa. Akamfunika mwanawe kwa mwili wake, akasimama mvuani mbele ya pango la bibi yake, akabisha hodi. Akangoja, akabisha tena. Alipobisha mara ya mwisho, mtoto alikuwa ameacha kukohoa.