Chaguo la Kwanza la Tihana

"Uuguzi! Nani kaniandikia uuguzi?"

Tihana alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili, barua ya chuo wazi mbele yake. Kwa miaka mitatu wimbo wake ulikuwa mmoja tu: atasoma saikolojia ya jinai kule mbali Perth, aje akae na wauaji ana kwa ana gerezani, kisha aieleze mahakama nani anadanganya. Ndilo lilikuwa chaguo lake la kwanza. Sasa amepewa uuguzi, hapa hapa nyumbani Kalgoorlie, mji wa migodi.

Kuna mtu aliingia mtandaoni akampindulia machaguo. Na neno la siri lilikuwa limebandikwa kwenye friji, mbele ya wazazi wake wote wawili.

"Haya, kaeni," alisema. "Kesi yangu ya kwanza naianzia nyumbani."

"Makubwa! Hakimu kashapatikana," alitania baba yake, Mladen, vumbi la mgodi bado li shingoni. Hakuna aliyecheka. Mama yake, Vesna, alivuta kiti karibu na bintiye, akamfuta machozi.

"Baba, ni wewe?"

Mladen alimtazama mkewe. Akainamisha kichwa, vidole vikichezea kifungo cha shati.

"Ni mimi."

Tihana alikuwa amesoma vya kutosha kuzijua dalili zile: macho yanayokimbia, mikono isiyotulia. Moyo ulimwuma kweli kweli. Baba huyu huyu ndiye aliyemnunulia vitabu vyake vya saikolojia!

"Sikujui tena," alimwambia. "Na usiniite mwanao."

Mladen alichukua kofia yake, akatoka.

"Pole, mama," Vesna alimbembeleza bintiye. "Wanaume ndivyo walivyo. Hata hivyo, uuguzi nao si haba. Tutakuwa wote hapa hapa."

Asubuhi Tihana alipiga simu ofisi ya udahili, huenda akapata wa kumwonea huruma.

"Samahani, dada, Perth kumejaa," alijibiwa. "Naona machaguo yako yalibadilishwa Jumatano iliyopita, saa nne asubuhi."

Jumatano, saa nne. Saa hiyo Mladen alikuwa kilomita nzima chini ya ardhi, na simu za wachimbaji wote hubaki juu, zimefungiwa kabatini.

Mkono ulimgusa begani.

"Kata simu, mwanangu," alisema mama yake. "Yameshapita hayo."