Kicheko Ndani ya Kinanda

Siku hizi sauti ikishanaswa na kinanda, mwenyewe haimrudii tena. Ndiyo maana Salha alipomwona jirani yake Mishi akicheka uani, mdomo wazi, mabega yakimtikisika, asisikie kitu, moyo ulimlipuka paa.

Mumewe, Mbaruku, alikuwa mpiga kinanda. Alishanasa vishindo vya kinu na sufuria akavifanya ngoma; kwa Salha hakuwahi kuomba hata chafya.

Mbaruku alipokwenda kuoga, Salha alijaribu vitufe kimoja kimoja. Ngoma. Toazi. Halafu kicheko cha Mishi, kimepambwa kwa filimbi kama bibi harusi.

"Nani alimchekesha, kama si mume wangu?" alinong'ona.

Hakukifuta. Alibonyeza pa kunasia, akajichekesha kwa nguvu zake zote, akakipandisha kicheko chake juu ya kile cha Mishi, kwenye kitufe kilekile.

Mbaruku alirudi na taulo kiunoni, akakigusa kitufe kile. Wanawake wawili wakacheka pamoja.

"Huyu wa pili nani tena?" akauliza. "Mbona simjui?"

Salha akamcheka, mdomo wazi, mabega yakimtikisika, na nyumba ikabaki kimya.