Ng'ambo ya Mto

Wizara ilipotoa fedha za kuchora ramani mpya ya mji kwa picha za droni, Tunu Kibwana, mpima ardhi wa halmashauri, aliomba na ng'ambo ya mto kupimwe. Wakati wa mafuriko yaliyopita waokoaji walipotea njia huko kwa kukosa ramani, na watu wakafa wakiwasubiri juu ya mapaa.

"Fedha hizi ni za maeneo yaliyomo kwenye ramani ya zamani," mkurugenzi alimwambia.

"Sasa huko kutaingiaje kwenye ramani bila kupimwa, mzee?"

"Subiri bajeti ijayo, mama. Ukivuka mpaka wa mradi, wizara itazuia hata fedha za huku."

Siku ya kazi, droni ilifika ukingoni mwa mto. Sefu, aliyekuwa akiirusha, alimgeukia Tunu.

"Niirudishe?"

Tunu alitazama ng'ambo.

"Vuka," akasema.

Kwenye skrini mabati yakaanza kutokea, moja moja, kisha mengi. Simu yake iliita, alikuwa mkurugenzi. Tunu hakuipokea. Kule ng'ambo, mwanamke aliyekuwa akianika nguo aliinua uso, akakinga jua kwa kiganja, akabaki akiitazama droni.